Maji ya Tana Hayapotei Baharini

Katika mijadala ya maji nchini Kenya kuna dai moja ambalo hurudiwa na wahandisi, wanasiasa na hata baadhi ya wahariri bila kuhojiwa, nalo ni kwamba maji ya Mto Tana yanayofika Bahari ya Hindi yamepotea, kwa kuwa hayakuzalisha umeme, hayakumwagilia shamba, wala hayakuingia katika bomba la mji wowote. Dai hilo lina sura ya busara, hasa katika nchi ambayo sehemu yake kubwa ni kame, lakini likifuatwa hadi kule mto unakoishia, kati ya Garsen na Kipini, linageuka kuwa kosa la kijiografia kwanza na la kisera baadaye. Huko mto unapunguza kasi na kuyaacha mashapo yake, yaani udongo na mchanga uliobebwa kutoka mbali, na kwa karne nyingi mashapo hayo yamejenga nchi tambarare ya vinamasi, maziwa na mikondo ambayo wataalamu huiita delta. Anayetaka kuielewa nchi hiyo hafiki mbali akihesabu ekari zake, wala akijumlisha maji yanayopita humo kwa mwaka mzima. Inambidi ajue maji hayo yanafika lini, yanapita njia ipi, na yana nguvu kiasi gani za kuisukuma chumvi irudi ilikotoka.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, kwa urefu wa kilomita zipatazo 1,000, na vyanzo vyake viko katika safu ya Aberdare na Mlima Kenya. Ukishateremka kutoka nyanda za juu na kupinda kuelekea kusini, ukapita Garissa na Hola, haupokei tena hata kijito kimoja kinachotiririka mwaka mzima. Kinachouongezea maji kwa nadra ni laga, ile mikondo mikavu ya nchi kame ambayo hutiririka kwa saa au siku chache tu mvua inaponyesha. Kwa mamia ya kilomita mto huo hupungua badala ya kuongezeka, kwa kuwa maji yake huvukizwa na jua na kunywewa na ardhi, na matokeo yake ni kwamba Garsen, mahali ambapo mvua yenyewe ni haba, hufurikiwa na mvua iliyonyesha siku nyingi kabla juu ya mashamba ya chai ya Murang'a na Kirinyaga. Mafuriko hayo huja mara mbili kwa mwaka, yale makubwa baada ya masika, kati ya Aprili na Juni, na yale madogo baada ya vuli, mnamo Novemba na Desemba. Kila kilicho hai katika delta kimejipanga kwa kufuata miinuko hiyo miwili ya maji.

Msomaji aliyezoea delta ya Rufiji, ambayo hufunguka baharini kwa milango mingi iliyojaa mikoko, atashangaa kuona kwamba sehemu kubwa ya delta ya Tana, ingawa iko pwani, ni nchi ya maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Sababu ni safu ya vilima vya mchanga vilivyojengwa na mawimbi na pepo za msimu ufukweni mwa Ghuba ya Ungwana, vilima ambavyo vimesimama kati ya bonde na bahari na kuuachia mto mianya michache tu ya kutokea, mkubwa wao ukiwa ule wa Kipini. Vilima hivyo huizuia bahari isiingie bondeni na wakati huohuo huyazuia maji ya mto yasitoke kwa haraka, hivyo mafuriko yakifika hutandaa, hukaa, na kuondoka polepole. Ndani ya mchanga wenyewe kuna hifadhi nyingine isiyoonekana, kwa kuwa maji ya mvua yanayopenya huelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini zaidi, na ni tabaka hilo jembamba linalochotwa na visima vifupi vya vijiji vya ufukweni.

Yanayotokea nyuma ya vilima hivyo yanastahili kuelezwa kwa utulivu, maana ndiyo ambayo wapangaji wa miradi wameyapuuza zaidi. Mto unaopita katika uwanda wa mafuriko hujijengea njia iliyoinuka kuliko nchi iliyo kando yake. Maji yanapofurika na kuvuka ukingo hupoteza kasi mara moja, mchanga ulio mzito huanguka palepale karibu na mto, na udongo laini wa mfinyanzi husafiri mbali zaidi kabla ya kutua; mafuriko kwa mafuriko, ukingo hupanda na kuwa tuta la asili, huku nyuma yake kukibaki mabonde ya chini ambayo maji yakiingia hayana njia ya kurudi. Vijiji vingi vya Wapokomo viko juu ya matuta hayo, miembe na migomba iko kwenye miteremko yake, na mpunga uko chini zaidi, pale maji yanapotuama. Mila ya Wapokomo ya kugawa ardhi iliuheshimu mpangilio huo, kwa kuwa fungu la ukoo lilianzia ukingoni mwa mto na kwenda ndani kama ukanda, ili kila ukoo uwe na sehemu ya juu, ya kati na ya chini, na usife njaa mwaka ambao mafuriko yamezidi wala mwaka ambao yamepungua. Ni vigumu kufikiria mpango wa matumizi ya ardhi uliobuniwa ofisini ambao umewahi kuwa na akili kuliko huo.

Lakini mto uliopanda juu ya nchi yake ni mto usiotulia. Tuta likipasuka mahali pamoja, maji huona njia fupi zaidi ya kuteremka, na ufa unaoanza kama kijito cha mafuriko unaweza, baada ya miaka michache, kuumeza mto mzima na kuuacha mkondo wa zamani ukikauka. Maziwa mengi ya delta, yakiwemo Bilisa, Shakababo na Moa, hupokea maji kupitia mikondo ya namna hiyo, mingine iliyo hai na mingine iliyobaki kama kovu, na ziwa ambalo kijito chake kimezibwa na matope hugeuka malisho, kisha kichaka. Ramani iliyochapwa huonyesha haya yote kwa mstari wa buluu uliotulia, na mtu aliyeitegemea ramani ya aina hiyo akafika huko baada ya miaka ishirini huenda akaukuta mstari wake ukilimwa mahindi.

Mkono wa binadamu nao umewahi kuuelekeza mto huu upya. Katika karne ya 19, wakati Witu ilipokuwa na sultani wake, palichimbwa mfereji wa Belezoni ili kuunganisha Tana, karibu na Chara, na Mto Ozi, mto mfupi unaoingia baharini Kipini, na nia ilikuwa nyepesi kueleweka: nafaka na bidhaa nyingine za bondeni zishuke kwa mitumbwi hadi Kipini na kuelekea Lamu bila kuvuka mlango wa Tana uliojaa mafungu ya mchanga na mawimbi. Mto uliikubali zawadi hiyo kupita kiasi. Mafuriko yaliupanua mfereji, na kabla karne haijaisha Tana yenyewe ilikuwa imehamia humo, ikawa inatokea Kipini, huku mlango wake wa awali ukififia. Kwa hiyo Kipini, mji ambao mapokeo ya Waswahili yanasema ndipo alipozikwa Fumo Liyongo, ulipata mto mkubwa kwa sababu ya kazi ya majembe. Katika miongo ya karibuni maji yameanza kujitafutia njia nyingine kupitia mkondo wa Matomba, na kila kiasi kinachoelekea huko ni kiasi kinachopungua Ozi, jambo ambalo lina matokeo mazito kuliko linavyosikika.

Ili kuyaona matokeo hayo inafaa kukumbuka kwamba maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hivyo yanapokutana mlangoni mwa mto hayachanganyiki mara moja, bali ya chumvi huingia chini kama kabari na ya mto hubaki juu. Wakati wa bamvua, siku zile za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo bahari hujaa kupita kawaida, kabari hiyo huyasukuma na kuyanyanyua maji ya mto, na ikiwa mto una nguvu ya kutosha, kinachofurika kandokando ni maji baridi matupu, ingawa chini yake, umbali wa mita chache, kuna bahari. Wakulima wa Ozi walijenga juu ya maarifa hayo kilimo cha mpunga kinachomwagiliwa na kujaa na kupwa kwa bahari, bila pampu, bila lambo na bila senti moja ya mafuta. Bamvua hupandisha maji mashambani, maji mafu huyapumzisha, na mkulima hupanga kupanda kwake kwa kuhesabu mwezi. Teknolojia hii haina mhandisi anayejulikana kwa jina, na labda ndiyo maana haikuhesabiwa kuwa teknolojia. Sharti lake ni moja tu: mto usidhoofike. Maji ya mto yakipungua, bahari hujaa vilevile, bamvua huja kwa tarehe zilezile, ila sasa kinachopandishwa mashambani ni chumvi, na udongo uliokwisha kunywa chumvi huchukua misimu mingi ya mafuriko kabla haujasafika. Wakulima wa Ozi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mpunga umekataa na miembe imekauka, na fizikia iko upande wao.

Hapo ndipo dai la maji yanayopotea linapoanguka. Maji yanayotoka Kipini yanafanya kazi ya ukuta, na ni ukuta unaopaswa kujengwa upya kila siku. Hata yakishaingia baharini bado hayajamaliza kazi, kwa kuwa Ghuba ya Ungwana, inayopokea matope na virutubisho vya mto, ndiyo sehemu ya bahari ya Kenya ambako uvuvi wa kamba kwa meli za nyavu za kukokota umeegemea, na mikoko ya Kipini ina msikundazi kwa wingi, mti wa jamii ya mikoko unaopenda mahali ambapo chumvi imepunguzwa makali na mto.

Juu zaidi, mbali na chumvi, mafuriko yanafanya kazi ya pili. Yanapotandaa huotesha majani marefu yanayoelea na kupanda pamoja na maji, hujaza matete, ndago na mafunjo, na huwapa kambare, perege na kamongo mahali pa kuzaliana palipo na chakula na maficho. Yakirudi nyuma huacha malisho mabichi wakati ule hasa ambapo nyika yote kutoka Garissa hadi Ijara imekauka. Ndege wa majini hukusanyika hapo kwa maelfu, wengine wakitoka Ulaya na Asia, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya eneo la hekta 163,600 kuorodheshwa Septemba 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa kulinda ardhioevu.

Mwezi huohuo wa Septemba 2012, hata hivyo, delta ilikuwa ikitajwa magazetini kwa sababu nyingine kabisa. Mapigano kati ya Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, ambao ni wafugaji, yaliyolipuka Agosti na kuendelea hadi mwanzoni mwa 2013 yaliua zaidi ya watu 100, na maelezo yaliyotolewa upesi yalikuwa mawili: ukabila na siasa za uchaguzi. Yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini jamii hizo mbili zimeishi kando ya mto mmoja kwa vizazi vingi, zikigawana mahali pamoja kwa nyakati tofauti, na zilikuwa na vyombo vya kusuluhisha, Gasa kwa Wapokomo na Matadeda kwa Waorma, mabaraza ya wazee ambayo miongoni mwa kazi zake ilikuwa kukubaliana lini mifugo ishuke na ipitie malka ipi. Malka ni njia inayoachwa wazi kati ya mashamba ili ng'ombe wafike majini. Utaratibu huo ulisimama juu ya kalenda ambayo hakuna mzee aliyeitunga: maji yakipanda, wafugaji huondoka na wakulima hupanda, maji yakishuka, mavuno hutoka na wafugaji hurudi. Mafuriko yasipokuja, au yakija yakiwa madogo na kwa wakati usiotarajiwa, jamii zote mbili hujikuta zikihitaji kipande kilekile siku ileile, na bunduki zikiwa zimezagaa, ugomvi wa zamani uliokuwa ukiishia kwa faini ya ng'ombe huishia makaburini.

Kalenda hiyo ilianza kuvurugwa mbali sana na Garsen. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, na kati ya hayo Masinga ndilo lenye ghala kubwa kuliko yote, likiwa na uwezo wa kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.56. Mabwawa haya yanahitaji mto ulionyooka, unaotoa maji kiasi kilekile Januari na Mei, kwa sababu taa za Nairobi haziwaki kwa msimu, ilhali kinamasi kinahitaji mto unaopanda na kushuka. Kwa hiyo inawezekana, na ndivyo ilivyo kwa kiasi kikubwa, jumla ya maji yanayofika delta kwa mwaka isipungue sana na bado delta ikauke, kwa sababu yale yanayofika hayavuki tena ukingo. Pamoja na hayo, mashapo mengi yaliyokuwa yakishuka kutoka milimani sasa hutua katika vina vya mabwawa, ambako yanapunguza uhai wa mabwawa yenyewe.

Serikali na wawekezaji waliposhuka delta, walikwenda na macho ya ardhi. Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi, TARDA, iliyoundwa mwaka 1974, ilianzisha mradi wa mpunga karibu na Garsen uliojengewa matuta ya kuyazuia maji ya mto, na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakayabomoa. Mwaka 2008 ukaja mpango wa miwa wa hekta zipatazo 20,000 ukishirikisha kampuni ya sukari ya Mumias, kisha mapendekezo ya mimea ya mafuta. Februari 2013 Mahakama Kuu ilikubaliana na wakazi kwamba mipango iliyohusu delta haikuweza kuendelea bila mpango wa matumizi ya ardhi ulioandaliwa kwa ushiriki wao, na mpango huo ukatoka mwaka 2015. Ulikuwa ushindi wa kweli. Hata hivyo ni mpango wa ardhi, na mpango wa ardhi, hata ukiwa mzuri namna gani, hauwezi kufungua lango la bwawa lililoko mamia ya kilomita juu yake.

Kuna pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Mafuriko huua. Yale ya 1961 bado yanasimuliwa, na yale ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yaliwahamisha maelfu ya watu katika Kaunti ya Tana River na kuikata barabara ya kwenda Lamu, hivyo kumwambia mama aliyelala juu ya tuta la barabara na watoto wake kwamba maji ni neema itakuwa ufidhuli. Ila inafaa kutazama ni mafuriko gani yanayofika siku hizi. Mabwawa hunyonya mafuriko ya kawaida, yale yanayoivisha mpunga na kujaza maziwa, na hushindwa na mafuriko makubwa mno, kwa kuwa ghala likishajaa halina budi kuyaachia yote. Delta imenyimwa mafuriko inayoyahitaji na kuachiwa yale inayoyaogopa, tena yakiwakuta watu ambao, baada ya miaka kadhaa ya ukavu, wamejenga na kulima mahali pa chini zaidi kuliko ambapo babu zao wangethubutu.

Sheria ya Maji ya Kenya, ile ya 2002 na iliyoifuata ya 2016, inatambua kitu kinachoitwa akiba, yaani maji ambayo lazima yaachwe mtoni kwa ajili ya mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mazingira ya majini. Akiba hiyo imefasiriwa kwa kiasi na ubora, na kanuni zilizotolewa mwaka 2007 ziliifunga kwenye mtiririko ambao mto huufikia au kuupita kwa asilimia 95 ya wakati, ambao kwa lugha nyepesi ni maji ya siku za ukame. Kwa mto wa milimani wenye samaki wa maji machache, kipimo hicho kinaweza kutosha. Kwa kinamasi kinachoishi kwa kufurikiwa ni sawa na kumpimia mtu chakula cha mwaka mzima kwa siku aliyokuwa mgonjwa. Mtoa kibali anaweza kuifuata kanuni hiyo kwa uaminifu mkubwa, asivunje kifungu hata kimoja, na delta ikafa.

Njia nyingine ipo na imekwisha kujaribiwa barani Afrika. Kaskazini mwa Kamerun, katika uwanda wa Waza-Logone ambao ulikauka baada ya Bwawa la Maga kujengwa mwaka 1979, mikondo iliyokuwa imezibwa ilifunguliwa kwa majaribio kuanzia mwaka 1994, na majani ya kudumu yakarudi, yakifuatwa na wafugaji. Kwa Tana kwenyewe, wazo la kuachia mafuriko ya makusudi kutoka bwawani liliwahi kuzingatiwa katika upembuzi yakinifu wa miaka ya 1990. Sasa kunapangwa Bwawa la High Grand Falls, ambalo makadirio yake ya ghala yanazidi mita za ujazo bilioni 5, zaidi ya mara tatu ya Masinga, na Tanzania nako Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022 juu ya Rufiji, ambako wakulima wa mlau hupanda katika unyevu unaoachwa na mafuriko yanaporudi nyuma. Bwawa kubwa kama High Grand Falls lina uwezo wa kuumaliza mto uliobaki, na pia lina uwezo, ambao Masinga halina, wa kuhifadhi maji ya kutosha kuachia mafuriko ya wastani kila mwaka bila kuzima mitambo.

Lipi kati ya hayo mawili litatokea litaamuliwa na maneno ya kibali. Kibali kinachofaa kitataja kimo cha maji kinachotakiwa kufikiwa Garsen, idadi ya siku ambazo kimo hicho kitadumu, na mwezi wake. Kitataja mtiririko wa chini kabisa unaotosha kuirudisha chumvi Kipini wakati wa bamvua za kiangazi. Na kitaeleza nani atalipia umeme usiozalishwa katika siku hizo, kwa kuwa gharama hiyo ipo na haina maana kuificha. Kitahitaji pia kikao cha kila mwaka ambamo wasimamizi wa mabwawa, Mamlaka ya Rasilimali za Maji, wazee wa Gasa na wa Matadeda na wavuvi wa maziwa wanakubaliana juu ya tarehe, na tarehe hizo zitangazwe kabla ya Machi kwisha, ili mkulima wa Ozi ajue atie mbegu lini na mfugaji wa Waldena ajue lini awashushe ng'ombe wake, na kwa malka ipi.